Mashine Isiyo na Mdomo: Sehemu ya Saba

Wapo walioniandikia wiki hii wakinitaka ninyamaze. "Mambo ya ukweni hayaanikwi gazetini, mama," kasema mmoja. Mwingine kaniita mke asiye na haya. Ahsanteni sana. Nimezisoma barua zenu zote, nimezikunja vizuri, na sasa naendelea.

Kwa aliyechelewa kuingia, kwa ufupi tu. Mimi ni fundi wa mashine za gemu. Dukani wananiita Bisibisi. Kazi alinifundisha baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, baada ya wanawe wote watatu kuikimbia: mkubwa alitaka ubosi, binti alitaka kukaa kaunta, na mdogo, ambaye ndiye mume wangu, alitaka usukani. "Meza hii namwachia huyu," mzee alisema kitandani, mbele ya wote. Maneno tu, karatasi hakuna.

Tangu tumzike, meza hiyo imeniletea balaa juu ya balaa. Shemeji, yule mkubwa, alipewa na wakala mkuu uwakala wa mashine mpya inayoitwa Nyeupe, akaagiza sitini, zikawa zinaletwa kidogo kidogo, mimi nikaambiwa kazi ya kutengeneza imekwisha. Halafu Kobe kumi na tisa zikatoweka stoo. Kobe ni ile mashine nyeusi ya zamani, nzito, karibu kila nyumba inayo, na hizo kumi na tisa nilikuwa nimeshazitengeneza, zinasubiri wenyewe. Mojawapo ilikuwa ya Mama Mpiga Chapa, iliyokuwa imekuja kwangu mara ya nne. Ufunguo wa stoo nao nani? Mimi. Basi mwizi nani? Mimi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema wifi yangu, huku akinikodolea macho.

Aliyesimama upande wangu ni mmoja tu, mume wangu. Yule bwana mpole, asiyeinua sauti hata matairi yakipasuka, aliapa kwa kaburi la baba yake kwamba mimi sijagusa kitu. Nililia siku ile. Nilijua nimeolewa.

Wiki iliyopita niliwaacha mahali pabaya. Shemeji alikuwa ameshafungia vifaa vyangu kabatini, ufunguo katia mfukoni. Kanivika shati jeupe lenye picha ya mashine kifuani. Na kanipa neno moja la kumwambia kila atakayeleta Kobe mbovu: "Imekufa."

Mnauliza nilimjibu nini. Nilikubali.

Hapo ndipo ilipo aibu yangu, na sitaizungukazunguka. Hakuna aliyenishikia panga. Shemeji alisema, "Hizi sitini zikiisha, meza ni yako, na karatasi nitakuandikia. Zisipoisha, wakala anachukua uwakala wake, na meza inatoka kupisha majokofu." Nikaitazama ile meza. Imejaa madoa ya kuungua, kuna doa moja la siku niliyoshika chuma cha kulehemu kwa mara ya kwanza, mzee akacheka mpaka akakohoa. Nikasema sawa.

Jumatatu asubuhi nikasimama mlangoni na shati langu. Nyeupe moja imewashwa kwenye televisheni kubwa, nyingine zimepangwa ukutani hadi darini.

Wa kwanza kuingia alikuwa mama mmoja mwalimu wa chekechea. Aliishika Nyeupe, akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma.

"Diski inaingia wapi?"

"Haiingii, dada. Gemu unashusha kwenye intaneti."

"Nikiichoka nikitaka kumwazima dada yangu, nampa nini?"

"Humpi."

"Na yeye akiwa na yake, ananiazima nini?"

"Hakuazimi."

"Mh! Mashine haina mdomo. Haya, padi za kuchezea ziko ngapi humo ndani?"

"Moja."

"Nina watoto watatu."

"Nyingine zinauzwa kando."

"Kwa hiyo unaniuzia ugomvi ndani ya boksi!" Alicheka mpaka akashika kaunta. Akanunua betri mbili za saa ya ukutani, akaenda zake.

Shemeji akatokeza kichwa kutoka ofisini. "Usiwaambie haina! Waambie ni ya kisasa!"

"Kauliza tundu liko wapi, Shemeji. Nimwonyeshe pua?"

Wa pili alikuwa Mpaka Rangi, ambaye mikono yake haijawahi kuwa na rangi moja tangu nimfahamu. Yeye alikaa kabisa kwenye kiti, akacheza nusu ya kwanza ya mpira.

"Mbona picha ni zilezile?" akasema. "Hata ule mlio wa kuwaka ni wa Kobe yangu."

"Hii ina kasi zaidi," nikasema kama nilivyofundishwa.

"Kasi ya kwenda wapi? Mshambuliaji wangu anakosa penalti ileile."

"Kampuni ni moja," Shemeji akaingilia. "Lazima zifanane, kama ndugu."

"Ndugu gani, bosi? Huyu ni mtu mmoja kabadilisha shati." Akaweka padi chini, akaondoka.

Na mimi niliona, wasomaji wangu. Niliona picha ni zilezile, nikasikia mlio ni uleule. Fundi mzima, miaka kumi na miwili mezani, nikajiambia labda ndivyo zilivyo. Mtu akitaka kitu sana, macho yake yanamtii.

Mchana akaja Kinyozi.

Kinyozi ni wa mtaa wa nyuma. Ana viti sita vya kusubiria, na watu hawasubiri kunyolewa pale, wanasubiri zamu ya kucheza. Wengine hurudi kunyolewa kichwa kisicho na unywele kwa sababu ya fainali. Miaka saba nimeitibu Kobe yake. Siku hiyo aliileta kwenye mfuko wa plastiki, kama kawaida, akaiweka kaunta.

"Mgonjwa wako huyo, Bisibisi. Jana ilinguruma, ikazima."

Nilijua bila kuifungua. Ni nywele. Kila baada ya miezi minne mashine ile inameza nywele za mtaa mzima, feni inakwama, joto linapanda, inajizima yenyewe. Ni kazi ya brashi na dakika kumi.

Shemeji alikuwa nyuma yangu, mikono kaikunja kifuani. Nilisikia pumzi yake.

Nikaitikisa Kobe. Nikaitegea sikio, kama daktari wa uongo.

"Imekufa," nikasema.

"Imekufa kabisa?"

"Bodi imeungua. Haitengenezeki." Hilo la bodi hakuna aliyeniagiza, nililiongeza mwenyewe. Uongo una tabia hiyo, ukishaingia unavuta kiti.

Kinyozi alinitazama. Nilitamani abishe. Nilitamani aseme hebu fungua tuone. Hakubisha.

"Ukisema wewe, basi," akasema. "Hiyo maiti itupeni. Nipe hiyo mpya, wateja wamekaa."

Akaondoka na Nyeupe kwapani. Shemeji akapiga makofi, wifi akapiga makofi, nikaletewa soda ya baridi kwa mrija kama mgeni. Nikaiacha kaunta.

"Hiyo Kobe iweke nje, mumeo akipita na pikapu ataibeba na takataka," Shemeji akasema.

Sikuiweka nje. Nikaisukuma chini ya meza, nyuma ya boksi la feni mbovu. Nilijiambia nitaitoa baadaye. Ukweli ni kwamba nilishindwa kuitupa. Ndani ya Kobe ile kuna alama yangu.

Hii alama niieleze, kwani ina kazi mbele. Mzee alinifundisha: kila mashine ukiimaliza, tia tone moja la rangi nyekundu ya kucha kwenye kona ya bodi, pembeni ya skrubu ya kwanza. Ikirudi mara ya pili, tone la pili. Hivyo hakuna mteja wa kukudanganya eti ulimtengenezea jana, na wewe huwezi kujidanganya. Rangi yenyewe huwa naichota kwenye kichupa cha wifi akienda kula. Hajui hadi leo. Haya, ajue.

Kufikia Jumatano niliua Kobe mbili nyingine. Wenyewe wakanunua Nyeupe kwa shingo upande, zikafika sita zilizouzwa tangu zije. Shemeji akaanza kupiga mluzi.

Alhamisi mluzi ukakoma. Watu waliacha kuja. Kwanza wa gemu, halafu wa pasi, halafu wa televisheni. Hadi Ijumaa mchana tulikuwa tumeuza waya mmoja wa umeme, na aliyenunua alikuja kwa kupotea njia.

Jioni hiyo akaingia mzee mmoja, mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Alisimama mbele ya televisheni ya ukutani muda mrefu, akaipapasa pembe zake.

"Ikiharibika, nani anatengeneza?" akamuuliza wifi.

"Ina dhamana ya mwaka mzima, baba."

"Dhamana ina mikono?"

Mzee akanigeukia mimi, na uso wake ulikuwa wa huruma, jambo lililoniuma kuliko tusi.

"Nimesikia siku hizi zinakushinda, mama. Kobe tatu zimekufia mikononi wiki moja. Pole. Ni macho?"

"Macho ni mazima, baba."

"Basi Mungu akusaidie," akasema. "Mimi nilizoea kununua hapa kwa sababu ukisimama mlangoni unaiona ile meza. Sasa kama hata Kobe inakushinda, hii Nyeupe ambayo hata mdomo haina, ikiugua utailisha dawa wapi?"

Akatoka, televisheni ikabaki.

Nilikaa juu ya boksi la Nyeupe. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho Shemeji hakijui, wakala hakijui, na vitabu vyao vyote vya mauzo havijakiandika. Watu wetu hawanunui mashine. Wananunua fundi. Kabla hajauliza ina kasi gani, mtu anataka kujua nani ataifungua siku itakapogoma, na anamtaka awe hapo jirani, mwenye sura na jina. Diski wanaazimana, padi wanaazimana, na fundi ni wa wote. Mashine isiyoazimika, isiyofunguka, na fundi wake ni stika ya dhamana iliyobandikwa juu ya skrubu, wataipenda kwa lipi? Duka lile miaka yote liliuza kwa sababu ya meza yangu. Na mimi meza yangu nimeiua kwa neno moja.

Nikaenda ofisini moja kwa moja.

"Shemeji, nirudishie vifaa vyangu."

"Zimebaki hamsini na nne," akasema bila kuinua kichwa.

"Zitabaki hamsini na nne hadi wajukuu wako wazikute. Watu wameogopa. Wanasema nimeshindwa kazi."

"Wewe ndiye unazizuia zisiuzwe! Unawanunia wateja!"

Wifi naye akafika mlangoni. "Anataka turudi kwenye mavumbi ya baba."

"Hayo mavumbi ndiyo yaliyokusomesha, wifi."

"Toka!" Shemeji akagonga meza. "Kesho wakala anakuja kukagua. Ukifungua mdomo, utaiona meza ikipita mlangoni."

Jumamosi saa nne, wakala akafika. Dukani tunamwita Mwenye Tai, maana hajawahi kuonekana bila tai hata siku ya jua kali. Alitembea mbele ya ule ukuta wa maboksi kama daktari kwenye wodi.

"Hamsini na nne," akasema. "Miezi mitatu. Wengine wameshamaliza zao. Tatizo ni nini hapa?"

Shemeji hakumeza hata mate. Akaninyooshea kidole.

"Tatizo ni huyu. Anatengeneza Kobe kwa siri, watu hawana haja ya mpya."

Kwa siri! Mimi niliyeua tatu kwa amri yake! Damu ilinipanda. Nilifungua mdomo nimjibu, na hapohapo mlango ukasukumwa.

Aliingia Kinyozi na aproni yake, Nyeupe kwapani. Nyuma yake wateja wanne, mmoja kanyolewa upande mmoja tu, upande wa pili nywele zimesimama.

"Siku tano!" Kinyozi akasema, akaiweka mashine kaunta kwa kishindo. "Siku tano tu imezima. Imewaka moto kama jiko."

"Usijali, kaka, ina dhamana," Mwenye Tai akasema, akavaa tabasamu. "Tutaipeleka makao makuu. Ndani ya wiki sita utaipata."

"Wiki sita? Wiki sita vichwa vinaota nywele, bwana. Huyu wangu yuko nusu!" Yule mteja akaonyesha nusu yake. Watu waliokuwa wakipita wakaanza kujaa mlangoni. "Nataka ifunguliwe hapa. Bisibisi yupo."

"Haifunguliwi. Stika ikitoka, dhamana imekwisha."

"Na huyo Bisibisi wenu," Shemeji akadakia, "Kobe yenyewe ilimshinda. Wewe si shahidi?"

Wote wakanitazama. Kinyozi naye akanitazama, akisubiri nijitetee, kwa sababu bado aliniamini, yule mjinga wa watu.

Liwalo na liwe. Nikapiga magoti mbele ya kadamnasi, nikajipenyeza chini ya meza, nikaivuta Kobe yake kutoka nyuma ya boksi la feni. Nikaiweka juu.

"Kinyozi, haikufa," nikasema. "Nilikudanganya. Sikuifungua hata skrubu moja. Niliambiwa niseme imekufa, nikasema."

"Mwongo!" Shemeji akafoka.

"Ndiyo, mwongo. Jumatatu nilikuwa mwongo. Leo sitaki. Nipe ufunguo wa kabati."

"Sikupi."

Kinyozi alitia mkono mfuko wa aproni, akatoa bisibisi ndogo ya kukazia wembe wa mashine yake ya kunyolea, na brashi ya kufutia watu shingo. Akaviweka mezani mbele yangu.

Nikafungua skrubu ya kwanza, nikafungua ya pili. Nilipoinua kifuniko, mama mmoja alipiga yowe. Nywele zilikuwa zimejazana kama mto wa kulalia. Nikazitoa kwa vidole, mafungu kwa mafungu, nyeusi, za kahawia, nyeupe.

"Mvi za nani hizi?" mtu akauliza.

"Zangu," akasema yule wa nusu kichwa, na duka zima likaangua kicheko.

Nikapiga brashi, nikaizungusha feni kwa kidole, ikazunguka. Nikachomoa waya kwenye Nyeupe ya maonyesho, nikauchomeka kwenye Kobe. Ule mlio ukalia. Televisheni ikajaa uwanja wa mpira, majani mabichi tele. Watu wakapiga makofi hadi barabarani.

Kinyozi hakupiga.

"Miaka saba, Bisibisi," akasema polepole.

"Nisamehe."

"Nitafikiria."

Ningependelea kofi. Nilikubali jibu hilo, maana nilikuwa nimelistahili. Kisha akaisukuma Nyeupe yake mbele yangu.

"Na hii?"

Mwenye Tai akaja mbio hadi mezani. "Ukiigusa hiyo stika, dada, uwakala unaondoka leo. Leo hii."

Shemeji akaniinamia sikioni. Sauti yake ilikuwa ndogo na tamu, ile anayoitumia kwa wateja wakubwa. "Ukiifungua, meza inatoka saa hii, na wewe unaifuata. Usirudi hata kuchukua kikombe chako."

Wakati huohuo mume wangu akaingia na boksi la Nyeupe begani, mzigo wa mwisho kutoka ghala la wakala. Aliuona umati, akaiona mashine mezani, akaiona bisibisi mkononi mwangu. Akasimama palepale mlangoni.

"Mke wangu," akaniita kwa upole wake uleule. "Achana nayo. Twende nyumbani."

Nikaona anaogopa. Nikajua anaogopa kwa ajili yangu, na moyo ukanilainika. Karibu niiweke ile bisibisi chini, sitawaficha.

Nikaitazama meza. Nilikuwa nimesema uongo wiki nzima ili nibaki nayo. Meza ya fundi asiyeruhusiwa kufungua kitu ina kazi gani? Hiyo ni meza ya kulia chakula, na ya kulia chakula ninayo nyumbani.

"Kaa nayo, Shemeji," nikasema. Nikabandua stika.

Ilitoka upesi mno. Stika ya kiwandani huacha ngozi yake nyuma, unaikwangua mpaka ukucha unauma. Hii ilitoka nzima, kama iliyorudishwa kwa mate. Nikaangalia skrubu chini yake. Vichwa vyake vilikuwa vimeshachubuliwa.

"Hii imeshafunguliwa kabla yangu," nikasema.

"Haiwezekani," Mwenye Tai akasema. "Zinatoka ghalani kwetu zimefungwa."

Nikainua kifuniko cheupe. Harufu ya gundi ikanipiga usoni. Ndani kulikuwa na bodi ambayo haikukaa sawa, imebanwa kwa gundi pande zote mbili, feni imekosa nafasi ya kupumua. Kilichoiunguza hakikuwa nywele. Ni bodi ndefu kuliko nyumba yake.

Na pale kwenye kona, pembeni ya skrubu ya kwanza, kulikuwa na matone mekundu. Moja, mbili, tatu, nne. Yamepangana vizuri kama nilivyoyapanga.

Kati ya Kobe zote zilizokuwa stoo zikisubiri wenyewe, yenye matone manne kamili ilikuwa moja tu. Ya Mama Mpiga Chapa. Ile iliyotoweka stoo pamoja na wenzake kumi na wanane, nikaitwa mwizi.

Nikampa Kinyozi ashike bisibisi, nikaichomoa bodi, nikaiinua juu wote waione.

Mwenye Tai akainama, akaitazama, akavua miwani, akaitazama tena. "Hiyo si yetu," akasema. "Bodi yetu ni ndogo, ina rangi ya buluu. Bodi yetu iko wapi?"

Shemeji alikaa juu ya boksi bila kuangalia kama ni boksi. Mdomo wake ulikuwa wazi. Mtu anayejua hakai hivyo, nilimsoma, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu nilimwonea huruma.

"Hiyo," wifi akasema taratibu, "ni rangi yangu ya kucha."

Mpaka Rangi, aliyekuwa amejipenyeza mbele, ndiye aliyeuliza lile swali ambalo mimi kichwa changu kilikuwa kinalikimbia.

"Kutoka ghalani kwao hadi hapa, haya maboksi huwa yanabebwa na nani?"

Vichwa viligeuka, kimoja baada ya kingine, kuelekea mlangoni.

Mtoto wa fundi ni mtoto wa fundi, hata akikimbilia usukani. Bisibisi aliishika kabla sijajua kusoma, na kuchomoa bodi mpya njiani akatia ya Kobe hakungemshinda. Na ufunguo wa stoo, usiku na mchana, unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wetu wa chumbani.

Mume wangu alilishusha boksi begani, akaliweka sakafuni polepole kama mtu anayelaza mtoto. Hakusema si mimi. Hakusema sijui. Alinitazama kwa macho yaleyale aliyonitazama nayo siku aliyoniapia kwa kaburi la baba yake.

"Mke wangu," akasema, "funika hiyo."



"Lete hilo boksi," nikamwambia.

Hakulileta. Nikatoka nyuma ya meza, watu wakanipisha njia, nikalifuata mwenyewe hadi miguuni pake. Nikalibeba, nikaliweka juu ya meza ya baba yake, nikamnyooshea Kinyozi mkono anipe tena bisibisi, tuone na humu mna bodi ya nani.